Mimi, Mama Inamahoro na Faida za Kiitaliano

Tangu nirudi, kila anayenikuta njiani hapa Nyakabiga ananiuliza swali lile lile: mwalimu, kile Kiitaliano chako kilikufaa? Wengine wanauliza huku wanabana kicheko, na haki wanayo. Miaka miwili mliniona nikipita na daftari langu kwenda darasani jioni, wakati watu wenye akili walikuwa wanafunga milango kabla ya saa ya kutotoka nje, mkasema huyu vita imemgusa kichwa. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, msome, mpeane, kisha mniache nipike.

Kwanza muelewe Kiitaliano chenyewe kilikuwa cha aina gani. Aliyetufundisha ni Maestro Anakleti, mtu aliyepelekwa Italia kusomea upadri, akakaa miaka mitatu, akarudi bila upadri ila na viatu vyenye ncha. Siku ya kwanza alituandikia ubaoni faida za kujua Kiitaliano. Utapata kazi kwa wamisionari. Utapata masomo Ulaya. Utaelewa nyimbo za watu wanaoimba kwa kilio. Sura yako itapendeza, kwa sababu kila neno linaishia kwa kufungua mdomo. Tuliandika yote, hata hilo la mdomo. Kitabu alikuwa nacho kimoja tu, cha sala za zamani, chenye kurasa zilizoliwa na mende. Kwa hiyo nilijua kuomba rehema ya dhambi zangu zote kabla sijajua kuuliza choo kiko wapi. Wanafunzi wenzangu waliacha mmoja mmoja. Mimi nilibaki, si kwa sababu nilikuwa hodari, ila kwa kiburi. Sikutaka mseme nimeshindwa.

Ndiyo maana parokia ya Kanyosha, kusini mwa mji wetu wa Bujumbura, ilipotafuta mtu wa kumsindikiza Mama Inamahoro na kumtafsiria, hapakuwa na wa kuchagua. Padri aliyejua Kiitaliano vizuri alikuwa mgonjwa. Nilibaki mimi.

Kutoka Kanyosha hadi uwanja wa ndege

Mama Inamahoro anauza ndagala, vile visamaki vya ziwani, sokoni Kanyosha, mwanamke mrefu, asiyesema sana. Mwanzoni mwa vita kipande cha bomu kilimpiga binti yake, Inamahoro, kwenye nyonga. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Wakaja watu wema, wakakusanya watoto waliojeruhiwa, wakasema tunawapeleka Italia kupasuliwa, miezi sita tutawarudisha. Mama aliweka kidole gumba kwenye karatasi ya Kiitaliano ambayo hakuna aliyemsomea. Miezi sita ikaisha. Nchi ikawekewa vikwazo, ndege zikaacha kuja, barabara zikafungwa. Mwanzoni zilikuja picha: mtoto kitandani, mtoto na magongo, mtoto anatembea. Halafu hata picha zikaacha. Ilipita miaka minane. Sokoni watu waliendelea kumwita Mama Inamahoro kana kwamba Inamahoro yuko nyuma ya nyumba anacheza.

Kisha huko Italia, katika mji mdogo alikoishi mtoto, akaja paroko mpya. Huyo alifungua daftari za kanisa, akakuta jina la mtoto na jina la Kanyosha, akaandika kualika familia. Hayo mengine ya makaratasi nayaruka, sitaki kuumwa kichwa mara ya pili.

Mama Inamahoro alikuja kulala kwangu siku mbili kabla ya safari, maana kule kusini wanajeshi walikuwa wanafunga barabara bila kuaga. Alitembea na kikapu kichwani: ndagala kavu, unga wa muhogo, maharage.

Nikamwambia, "Mama Inamahoro, kule chakula kiko. Ndege itanuka yote."

"Mwalimu, mutoto alikulaga hii. Atanusa, atakumbuka."

"Alikuwa na miaka mitatu."

"Pua haina miaka," akasema, akakisukuma kikapu chini ya kitanda changu.

Asubuhi ya safari tulisimamishwa vizuizi vinne kabla ya kufika uwanjani. Kila askari aliuliza ndani ya kikapu kuna nini, na kila askari alichukua ndagala kidogo za kuonja. Nchi nzima iko vitani na bado kuna watu wana hamu ya kula bila kununua. Ndege nayo ikachelewa saa sita. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, mimi nikirudia vitenzi, yeye akiangalia mlango.

Addis Ababa

Tulipofika Addis Ababa, ndege ya Roma ilikuwa imeshaondoka. Wakatupeleka kwenye hoteli ndogo tungoje kesho. Kulikuwa na baridi ya mlimani ambayo hakuna aliyetuambia, na Mama Inamahoro alijifunga vitenge vyote vitatu alivyokuwa navyo.

Kwenye chumba cha kulia kulikuwa na mzee mhudumu, koti jeupe, mgongo ulionyooka kuliko wangu. Nilikuwa nimesikia kwamba wazee wa kule wanajua Kiitaliano. Nikaona huu ndio wakati wa kumwonyesha Mama Inamahoro kwamba hakupewa mtu bure. Nikamsalimu mzee kwa Kiitaliano cha kitabu, kirefu, chenye baraka za mbinguni ndani.

Mzee aliweka chini birika. Akanijibu kwa Kiitaliano, bila kupandisha sauti: "Simama. Haraka. Mikono juu. Lete maji, mnyama wewe."

Nilidhani ni mwendawazimu. Akabadilisha, akaongea Kifaransa. Alikuwa amefanya kazi zamani kwenye reli ya Jibuti. "Usiogope, madamu," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mbili wanajeshi wa Italia walipokuwa hapa. Hayo ndiyo maneno waliyonifundisha, sikuwahi kufundishwa mengine. Wewe walikufundisha nini?"

"Sala," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Basi mimi na wewe tukijumlishwa tunatosha padri mwenye bunduki." Akatumiminia chai.

Mama Inamahoro akauliza mzee amesema nini. Nikamwambia anatukaribisha. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa tafsiri katika safari hii, na naukumbuka kwa sababu ulikuwa mwepesi sana kutoka.

Roma

Roma niliiona kwa masaa mawili, kwa hiyo msiniulize habari za makanisa. Niliona uwanja wa ndege na polisi mmoja mwenye manukato mengi. Nilimwambia, kama kitabu kilivyonifundisha, nakusihi ewe bwana mtukufu unionyeshe lango la kutokea. Akamwita mwenzake aje asikilize. Wakanirudisha niseme tena. Nikasema tena, kwa sababu nilidhani hawakusikia. Walicheka mpaka mmoja akavua kofia.

Halafu yule wa manukato akanyanyua kikapu cha Mama Inamahoro akiweke mezani, kikamlemea, akasema, "Quanto pesa!" Maana yake ni kwamba kikapu ni kizito kweli. Lakini Mama Inamahoro alisikia neno moja tu katika sentensi hiyo, na mnajua ni lipi. Akageuka upande, akaingiza mkono kifuani kwenye kitambaa chake.

"Mwalimu, anataka ngapi?"

"Apana, Mama Inamahoro. Anasema kikapu kizito."

"Si amesema pesa? Mi nimesikia na masikio yangu mawili. Huku nako ni vilevile?"

Polisi alimwona anatoa noti za Burundi zilizokunjwa, akaelewa anapewa rushwa, akanuna. Nikaanza kueleza kwa Kiitaliano cha sala kwamba huyu mama hana dhambi. Ilichukua muda mrefu. Mwishoni walifungua kikapu, harufu ya ndagala ikatoka yote kwa pamoja, na yule mwenye manukato akatupa ruhusa ya kuondoka haraka kuliko mtu yeyote kwenye foleni.

Treni ya kaskazini

Treni ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulikataa. Lakini kupanda kwenyewe karibu kutushinde. Mtu wa treni alisimama mlangoni akitupigia kelele, "Salire, salire!" Sasa mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na kwa Kifaransa neno hilo ni kuchafua. Niliona anatutazama sisi, na kikapu, na vitenge, nikaona ametutukana. Nikasimama palepale kumjibu kwamba sisi ni watu safi, tumeoga Addis Ababa. Treni ikapiga filimbi. Bibi mmoja aliyekuwa ndani akaturukia, akanishika mkono, akanivuta, na Mama Inamahoro akapanda peke yake na kikapu chake, bila kungoja tafsiri. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba kwa Kiitaliano maana yake ni kupanda. Miaka miwili ya masomo, na aliyeelewa ni yule asiyejua neno.

Yule bibi alitumenyea machungwa. Nje mashamba yalikuwa yamenyooka kama daftari la mistari, hakuna mtu aliyeyakimbia, hakuna nyumba isiyo na paa. Mama Inamahoro aliangalia sana.

"Mwalimu," akasema, "nifundishe kusema 'mutoto yangu'."

"Ya nini? Mimi si nipo? Na mtoto anamjua mama yake hata bila maneno."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtaalamu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na nilitaka kulala. Hakuuliza tena.

Kwa akina Ornella

Kwenye kituo cha treni walikuwa wanatungoja watu watatu: Ornella, mwanamke mnene mwenye miwani, mumewe Guido, fundi wa kutengeneza mashine za kulimia, na msichana mweusi wa miaka kumi na moja, mwenye koti jekundu, anayechechemea kidogo. Hapakuwa na haja ya kumwuliza mtu yeyote. Paji la uso ni la mama yake, na urefu ni wa mama yake.

Msichana alikuwa mbele kidogo. Akaita, "Mamma!"

Neno hilo halina haja ya Maestro Anakleti. Mama Inamahoro aliitika, "Yee!" akaachia kikapu, akafungua mikono. Msichana alipita pembeni yake akaenda kwa Ornella kumwambia kitu kuhusu mizigo. Alikuwa anamwita Ornella, aliyekuwa ameshatupita kwenda nyuma yetu kushika mizigo.

Mama Inamahoro alibaki na mikono wazi, kisha akaishusha, akaanza kuokota maharage yaliyomwagika. Msichana akarudi, akainama akamsaidia, kwa adabu nzuri ya mtoto aliyelelewa vizuri, akampa mkono akasema, "Buongiorno, zia." Zia ni shangazi, au mama mdogo. Nilijiambia kwamba kwa Waitaliano huenda mtoto humwita hivyo mwanamke yeyote mzima. Ni ajabu jinsi mtu anavyokuwa na majibu akitaka kutulia.

Wakati Guido na mtoto wanapakia mizigo kwenye gari, Ornella alinishika mkono akanivuta pembeni. Aliongea haraka, kwa sauti ya chini, machozi yakimlenga. Nilishika maneno matatu manne: mtoto, moyo, wema, tafadhali. Nilipaswa kusema, sijaelewa, rudia polepole. Lakini nilikuwa nimechekwa na polisi, nimefokewa na mtu wa treni, na sikutaka mtu wa tatu ajue Kiitaliano changu ni cha namna gani. Nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi. "Certo," nikasema, "certo." Ndiyo, bila shaka. Akanikumbatia. Nilikuwa nimekubali jambo, na sikujua ni jambo gani.

Nyumbani kwao kulikuwa safi mpaka unaogopa kukaa. Mtoto wanamwita Ina. Jina zima, walisema, ni refu mno kwa ulimi. Hawakuona shida yoyote kutamka majina ya jibini zao, ambayo baadhi ni marefu kuliko treni.

Jioni mezani wakaleta sungura na kitu cha njano, kigumu, kwenye ubao. Ornella akaomba msamaha kwamba hicho ni chakula cha maskini wa zamani, polenta, unga wa mahindi uliosongwa. Mama Inamahoro akakigusa kwa kidole.

"Iyi ni bugali," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Bujumbura uso wake ukalegea. Akanawa, akakata tonge, akalibonyeza katikati, akachota mchuzi. Msichana alimwangalia, akaacha uma, naye akakata tonge, akalibonyeza. Lilimvunjikia. Mama Inamahoro akamshika vidole, akamwonyesha tena, polepole. La pili likakaa vizuri.

"Kwa uma, Ina," akasema Ornella.

Msichana hakuchukua uma. Alikuwa anatafuna na kufikiri. Kisha akageuka kwangu, akasema kwa Kiitaliano cha wazi, cha polepole, kama mtu aliyejua ninahitaji upole: "Mwulize shangazi kama alimjua mama yangu kabla hajafa."

Ornella alinitazama. Ndipo nilipoelewa kile nilichokubali pale kituoni.

Mama Inamahoro akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anauliza kama chakula ni kitamu."

"Apana, mwalimu. Mutoto haulizi bugali na macho kama ile. Sema yenye amesema."

Nikasema. Nilisema lote, na la kituoni pia, jinsi nilivyoitikia kwa kichwa bila kuelewa. Hapo mezani hakuna mwingine aliyejua Kiswahili, kwa hiyo waliona tu mdomo wangu unasema na uso wa mwanamke unasikiliza. Nilitegemea atalia, au atageuza meza. Aliokota kipande cha bugali kilichoanguka, akakiweka kwenye sahani. Akauliza, "Wamemwambia nilikufa lini?"

Nikamwinamia Ornella sikioni, nikamwuliza. Guido ndiye aliyejibu, kwa kunong'ona, akiangalia meza: zamani, barua zilipoacha kuja, waliona ni afadhali kuliko mtoto kungoja. Paroko mpya alipoandika bila kuwauliza, wakashindwa kurudi nyuma, wakasema anakuja dada wa marehemu. Mtoto alikuwa amekaa pale pale anamwona Guido akinong'ona bila kuyashika maneno, akauliza kuna nini. Ornella akamwambia watu wazima wanaongea habari za safari.

Mama Inamahoro alisimama akasema asante kwa chakula. Kwenye ngazi akaniambia, "We usimwambie kitu. Mi ndo nitamwambia. Kesho asubui utanifundisha."

Chakula cha Jumapili

Asubuhi, kabla ya misa, tulijifungia bafuni, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye ufunguo. Yeye alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, mimi juu ya kiti cha choo, na hapo ndipo nilipofundisha somo langu bora la maisha. Nilitaka kumpa maneno mengi. Alikataa. Alitaka sentensi tatu, akazirudia mpaka watu wa nyumba wakagonga mlango. Hakukubali nimwambie inatosha. Nikisema inatosha aliniuliza, "We ungeelewa?" na nikisita alianza upya.

Mezani mchana tulikuwa wengi: majirani, wanakwaya, na paroko Don Silvano, kijana mwembamba mwenye furaha ya kutopewa habari. Alisimama akatoa hotuba. Alisema juu ya ukarimu wa mji huu, juu ya familia hii iliyompokea yatima wa vita, juu ya daraja la upendo kati ya Ulaya na Afrika. Hotuba za madaraja nimezisikia nyingi. Anayezitoa kila mara yuko upande wenye chakula. Watu wakapiga makofi. Aliposhusha mikono, Mama Inamahoro akasimama.

Hakuwatazama wao. Alimtazama msichana, upande wa pili wa meza.

"Io sono tua madre," akasema. "Non sono la zia. Non sono morta."

Mimi ni mama yako. Mimi si shangazi. Sijafa.

Lafudhi ilikuwa ya Kanyosha kabisa, na kila mtu pale alielewa kila silabi. Mimi, katika wiki nzima, sikuwahi kueleweka namna ile.

Mtu mmoja aliweka glasi chini. Ornella alifunika uso kwa kitambaa cha meza. Guido alisema kwamba mkalimani amemfundisha mwanamke maskini maneno kama kasuku. Msichana akamgeukia: "È vero?" Ni kweli? Guido alikuwa na mdomo wa kunisema mimi, lakini wa kumjibu mtoto hakuwa nao. Aliangalia sahani yake. Msichana akasubiri, kisha akasukuma kiti, akatoka nje akichechemea.

Mama Inamahoro akanifanyia ishara tumfuate.

Tulimkuta nyuma, kwenye vibanda vya sungura, mgongo wake kwetu. Aliongea bila kugeuka, na nikatafsiri, na safari hii sikuongeza wala kupunguza.

"Kwa nini hukuja?"

"Barabara zilifungwa. Ndege hazikuwa. Kila mwezi nilienda kwa mapadri kuuliza. Walinichoka."

"Kwa nini ulinitoa?"

"Ulikuwa unakufa. Walisema watakutengeneza. Wamekutengeneza, naona unatembea."

Msichana aliingiza kidole kwenye wavu, sungura akanusa. "Huko bado kuna mabomu?"

"Yapo."

"Basi unataka kunirudisha kwenye mabomu?"

Hapa nilisita, kwa sababu mimi pia nilidhani ndicho alichokuja kufanya. Mama Inamahoro alichuchumaa wawe sawa kwa urefu.

"Sikuja kukuchukua," akasema. "Nimekuja unione. Ujue niko."

Nilipomaliza kutafsiri, msichana aligeuka. Hakumkumbatia, msitegemee hilo. Alimwangalia usoni kipande kwa kipande, paji, pua, kidevu, kisha akaniuliza jina lake zima linatamkwaje, lile lisilokatwa. Nikamwachia mama yake alitamke.

Siku tano zilizobaki zilikuwa ngumu kwa kila mtu. Ornella alipika sana na kulia sana. Nilitaka kumchukia kikamilifu, lakini usiku mmoja mtoto alipopata homa nilimwona akiinuka kabla mtoto hajaita, na chuki yangu ikapata tundu. Don Silvano alikuja bila hotuba, akakaa jikoni, akaomba msamaha kwa maneno ya kawaida. Tulikubaliana hivi: mtoto ataambiwa yote, ataendelea na shule yake, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi atampigia mama yake simu, na siku akisema anataka kuja, hakuna atakayemzuia. Mama Inamahoro alitaka iandikwe. Kisha akaniketisha nimsomee kila neno kabla hajaweka kidole.

Ndagala, mtoto alizionja. Alizitema. Mama yake alikula zilizobaki peke yake.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na la kusimulia, ila kwamba Mama Inamahoro hakulala. Kila mahali, ndani ya treni, uwanjani, angani juu ya Sudani, alinigusa bega. Mkate wanaitaje? Mvua wanaitaje? Mtu akitaka kusema "nilikuwa nimekasirika lakini imepita", anasemaje? Swali hilo sikuliweza. Kitabu cha sala kinajua hasira ya Mungu tu.

Tulitua Bujumbura alasiri. Kutoka uwanjani tulisikia milio ya bunduki nzito ikitoka vilimani upande wa kusini, juu ya Kanyosha kwao. Alisimama kidogo akasikiliza, akahesabu umbali kama tunavyofanya wote, akasema, "Mutoto yuko mbali nayo," akainua kikapu kitupu.

Tangu siku hiyo anakuja kwangu mara tatu kwa wiki akitoka sokoni, mikono inanuka samaki. Si kuandika anachotaka, anataka kusema. Ananichosha. Mimi nilisoma Kiitaliano nionekane, na nimekaa miaka miwili nikijua maneno elfu ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia. Yeye ana mtu mmoja, na kwa miezi minne amenipita. Siwezi kujizuia kuona aibu, na ninaandika hapa ili msinipe sifa ambazo si zangu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda mtaa wa Asiatique, kwenye duka lenye vibanda vya simu, tungoje simu ya mtoto. Miezi iliyotangulia nilikaa ndani naye, sikio langu pamoja na lake kwenye mkono mmoja wa simu, natafsiri. Simu ilipolia aliinua mkono akanizuia.

"Leo baki inje, mwalimu."

Akafunga mlango wa kioo. Nilisimama dukani kati ya mafungu ya vitambaa, mkalimani asiye na kazi. Nilimwona anaongea, anasimama, anarudia, anaongea tena. Mara moja aliinamisha kichwa na sikujua kama analia. Alikaa muda mrefu kuliko siku zote, mpaka mwenye duka akaniuliza kama yule mama anaongea na balozi.

Alipotoka jasho lilikuwa limemlowesha shingo.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema Kiitaliano yangu ni mbaya sana," akasema Mama Inamahoro. "Amenikosoa mara saba. Amekasirika. Ananiambia, 'Rudia, rudia vizuri,' na mi narudia." Akafuta shingo kwa ncha ya kitenge. "Amesema mwezi ujao ataniuliza tena, aone kama nimeshika."

Akatangulia kutoka dukani, akitembea haraka, midomo yake inacheza.